Mtani wa Jenerali

Nianze na huyo Jenerali, maana nyumbani kwa baba mkwe wangu hakuna kilichoanza bila yeye. Picha yake ilitundikwa sebuleni juu ya kochi, mahali ambapo watu wenye akili zao huweka saa au Bikira Maria. Mzee wa masharubu yaliyopakwa mafuta, kifua kimejaa vyuma, jicho moja kali na jingine limechoka. Alikuwa Mprusi, yaani Mjerumani wa zamani, wa nchi ambayo siku hizi hata kwenye ramani haipo. Mjukuu wake wa kike aliolewa na Mswidi, Waswidi wakazaliana, na mwisho wa foleni hiyo alikuwa baba mkwe wangu: mkaguzi wa lifti aliyestaafu, mjane, anaishi Upplands Väsby, nje ya Stockholm, kwenye nyumba za kushikana ukuta, anakwenda kununua maziwa kama anayekagua gwaride.

Maisha ya Jenerali nayajua kuliko ya babu zangu, na hilo peke yake linanikera. Alipelekwa shule ya jeshi angali mtoto wa kukumbushwa kupenga makamasi. Akawa luteni. Akakaa luteni mpaka nywele zikaanza kumtoka, maana kule mtu alipanda cheo akifa aliye mbele yake, na walio mbele yake walikuwa na afya njema. Vita na Wafaransa vilipokuja, farasi wake aliteleza kwenye tope akamwangukia. Akapewa nishani. Farasi hakupewa kitu. Baada ya hapo akapanda ngazi, mkuu wa kikosi, mkuu wa brigedi, mkuu wa divisheni, katika vijiji vya mvua na viazi ambavyo hata Wajerumani wenyewe wamevisahau. Siku ya kustaafu wakampa cheo cha kumuaga: Jenerali wa Askari wa Miguu. Miguu! Mtu ambaye, kwa maneno ya baba mkwe mwenyewe, hakushuka juu ya farasi ila kula na kulala.

Na hiyo ndiyo kazi nzima. Hakuna mji aliouteka, hakuna mtu aliyemwokoa. Alizeeka kwa utaratibu. Lakini baba mkwe alikuwa na kisa kimoja alichokiweka mwisho, kama mtu anayebakiza kipande cha nyama kando ya sahani. Jenerali alifiwa na watoto watatu katika majira ya baridi mamoja, ugonjwa wa koo, wa mwisho hajafika hata miaka minne. Hakutoa chozi. Asubuhi aliyomzika wa tatu alikuwa uwanjani, anakagua vifungo vya makoti ya askari. Hapo baba mkwe alitutazama mmoja mmoja, macho yanang'aa.

"Watu wetu hawalii," alisema.

Mara ya kwanza kusikia kisa kile nilikuwa bado mchumba, na nilidhani tunasimuliwa habari za mgonjwa. Nikasema, "Maskini, labda alipata pigo la akili." Meza nzima ilitazama sahani zake.

Mimi ni Mngoni wa Songea. Kwetu hatuhitaji kuhadithiwa Mjerumani mwenye vyuma kifuani ni mtu gani, wazee wetu walinyongwa na watu wa namna hiyo. Huyu wa sebuleni hakuwahi kukanyaga Afrika, nakubali, damu yetu haimo mikononi mwake. Lakini waliokuja walipita kwenye viwanja kama vyake, wakakaguliwa vifungo na wazee kama yeye. Kwa hiyo usiniambie nimheshimu. Nilikula viazi vyangu, nikamtazama usoni, nikamdharau kwa raha zangu miaka yote ile.

Nilikuja Stockholm kusomea ufundi wa meno ya bandia, nikabaki kwa sababu ya mume. Mume wangu ni mtu mwema. Anaosha vyombo, hajui kutukana, akirudi kwetu Vårby gård kutoka kazini ananiletea gazeti. Mtoto wetu wa pekee ni binti, na amebeba jina la mama yangu, kwa hiyo siku zote nimemwita Mama. Ananijibu kwa Kiswidi, kama watoto wote wa huku. Nilishazoea. Nisilolizoea ni lile lililotokea mwaka aliofikisha miaka minane.

Tulikuwa Väsby kwa baba mkwe, Jumapili. Alianguka na baiskeli mbele ya nyumba, goti likachanika, nyama nyeupe naiona kwa macho yangu. Mdomo ukafunguka alie. Kisha akamwona farfar wake mlangoni, ndivyo wanavyomwita baba wa baba, amesimama mikono nyuma. Mtoto akafunga mdomo. Akameza kile kilio, nilikiona kikishuka kooni. Mzee akaja, akampigapiga begani, akamkatia kipande kikubwa cha keki na kumkalisha karibu yake, chini ya picha.

"Huyu ni wa kwetu," akasema.

Toka siku ile sikumsikia mtoto wangu akilia. Aling'olewa jino, kimya. Rafiki yake wa chanda na pete alihama nchi, kimya. Mlango wa gari ulimbana kidole, akakaa anakitazama kidole kama cha mtu mwingine. Na watu wananisifia! Mwalimu, jirani, wanawake wenzangu wa kwaya: una bahati, mtoto mtulivu. Mtulivu! Khaa! Kwetu mtoto asiyelia hupelekwa hospitali. Nilimwambia mume wangu, baba yako ameniibia kitu, nakitaka. Akasema atakua, atajifunza kujieleza. Sikutaka ajieleze. Nilitaka alie.

Mtu pekee aliyeweza kumlegeza alikuwa mama yangu. Alikuja kukaa nasi kuanzia majira ya baridi mpaka kiangazi, analala chumba kimoja na mjukuu wake, anavuta ugoro dirishani na kuipigia chafya theluji. Wenyewe waliitana mke mwenza, kama bibi na mjukuu wanavyotaniana. "Mke mwenzangu, umeniibia khanga yangu!" "Hapana, wewe umeiba soksi yangu!" Hicho Kiswahili mwanangu alikuwa nacho kwa bibi tu, kimevunjikavunjika, lakini kina moto. Bibi aliporudi Songea waliendelea kwenye simu kila Jumamosi, mimi nakwangua kadi za vocha, wao wanagombania mume.

Mama yangu alifariki ghafla, moyo. Walizika kesho yake, joto halingoji ndege. Sikuwahi.

Tukaweka matanga Vårby gård. Tulitoa kochi na meza nje ya sebule, tukatandika magodoro na mikeka, akina mama wa Kirundi kutoka mtaa jirani wa Fittja wakaja na masufuria yao bila kuulizwa, wakaimba nyimbo za kwao na zetu. Mwanangu nilimwambia mwenyewe, nimepiga magoti, nimemshika mikono. Bibi amefariki, Mama. Akanitazama. Akajibu kwa Kiswidi kwamba amesikia, na je, aweke vikombe vingapi?

Jamani. Kifo cha mama yangu kiliniuma, lakini swali lile liliniogopesha. Siku nzima alipita katikati ya watu wanaolia na sinia la chai, mgongo umenyooka, macho makavu kama ya yule mzee ukutani Väsby. Wageni wakanong'ona, huyu mtoto ana moyo gani? Nilitamani kwenda kuishusha picha ile na kuikanyaga.

Jioni akaja mtani. Asiyejua mambo yetu aelewe: Wangoni na Wahehe walipigana zamani mpaka wakachoka, na walipochoka wakawa watani. Mtani wako anakutukana bila wewe kukasirika, na ukifa, yeye ndiye mwenye kazi kubwa msibani. Wetu alikuwa Mhehe mmoja, dereva wa basi, mtu wa tumbo na sauti. Aliingia na viatu vyake mpaka katikati ya mikeka, akatazama huku na huku.

"Yuko wapi huyo mlevi wa komoni?" akaunguruma. "Mimi nimeacha basi na abiria wake, yeye amekwenda bila kuaga!"

Akina mama wa Kirundi walishtuka. Sisi tulishaanza kucheka. Akanyakua khanga ya mama kwenye msumari, akajifunga kiunoni, akaomba mwiko akaufanya mkongojo, akainama vilevile alivyoinama mama yangu. Akavuta ugoro usiokuwapo, akapiga chafya zilizotikisa kabati. Akawagombeza watu kwa majina ya watu wengine, kama mama alivyokuwa akituchanganya. Akajilaza mlangoni, eti hatoki mtu wala haingii mtu mpaka marehemu arudi kumwomba radhi. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na mama yangu hajatimiza siku tatu kaburini. Kisha, bila mtu kumwambia, akaketi chini, akavua ile khanga taratibu, akajifunika nayo usoni, na lile tumbo lote likaanza kutikisika. Alilia kama mtoto. Hapo nyumba nzima ikaachia, hata waliokuwa wamekausha machozi. Tukamkumbatia, tukampa chai ya kwanza na kiti kizuri.

Mwanangu alicheka naye tangu mwanzo mpaka mwisho. Kilio kilipofika alisimama kando ya jokofu, akawatazama watu mmoja mmoja, kwa makini sana. Hakulia.

Usiku ule wakati namfunika alikuwa na maswali. Kwa nini yule baba alimcheka bibi? Nikamwambia ndiyo heshima yenyewe. Mtu hazikwi na sifa tu kama sanamu, lazima awepo wa kumrudisha jinsi alivyokuwa, na chafya zake. Na kwa nini alilia mwishoni? Kwa sababu ukimrudisha mtu vizuri, ndipo unapoona kwamba hayupo. Akavuta blanketi mpaka kidevuni.

"Jenerali alipokufa, mtani wake alikuwa nani?"

Nikacheka kwa dharau. "Hakuwa naye. Watu wale hawana watani, Mama. Ndiyo maana wako vile."

"Masikini," akasema, akageukia ukuta.

Kila mwaka, majani yakishaanza kudondoka, baba mkwe alifanya karamu ya kuzaliwa kwake Jenerali. Mchana, kitambaa cheupe, ndugu kama kumi, na mchungaji mstaafu aliyekuja kwa ajili ya samaki. Mmoja wa familia husimama na kueleza maisha ya Jenerali kwa kichwa, kisha wote huinua glasi kimya. Mwaka ule zamu ilipewa mwanangu. Mzee alimfundisha kwenye simu wiki nzima, miaka, vyeo, majina ya vikosi, na mtoto alikariri yote bila kosa. Mimi nilitaka tusiende. Mume wangu akasema ni mzee, ana miaka mingapi mbele yake? Nikaenda na uso wangu wa kazini.

Samaki wakaliwa. Mzee akagonga glasi kwa kijiko. Mtoto akaomba atoke kidogo ajiandae, na babu yake akatabasamu, akidhani anakwenda kuchana nywele.

Alirudi amevaa kofia ya kijani ya babu yake, imemfika puani. Kwenye sweta alikuwa ameninginiza vijiko vya chai kwa vibanio vya nguo, safu tatu, vinalia kengele akitembea. Masharubu ameyachora kwa kiwi ya viatu. Akavuta kiti katikati ya chumba, akakipanda kama farasi, akatutazama kwa jicho moja.

"Yuko wapi huyo mzee wa kusubiri cheo?" akaunguruma kwa Kiswidi. Sauti ya dereva wa basi, tumbo lote lile ndani ya mtoto wa miaka tisa.

Mtu mmoja akacheka, kisha akakohoa. Mimi nilishajua. Nilitaka kumzuia, na papo hapo nilitaka kupiga kigelegele.

Maisha ya Jenerali yakatoka yote, kwa mpangilio, miaka na vikosi vyote mahali pake, hakuruka kitu. Ila sasa alikuwa ndiye Jenerali mwenyewe. Akawa luteni anayewauliza wakubwa wake kila asubuhi kama wanajisikia vibaya. Akaanguka na kiti chake, kishindo, akainuka akajibandika kijiko kingine, kisha akakitazama kiti pale chini na kutuuliza farasi atapewa nini. Mchungaji alikuwa anajifuta macho kwa kicheko. Akawaamuru askari wa miguu watembee, watembee, watembee, yeye anakula keki juu ya farasi. Alikuwa mtani hasa. Mhehe yule angemkabidhi basi lake.

Akafika kwenye kile kisa. Akafanya sauti mbili.

"Jenerali, mtoto amekufa."

"Mbele, tembea!"

"Jenerali, na mwingine amekufa."

"Mbele, tembea!"

"Jenerali, na yule mdogo."

Hakuamuru tena. Alishuka kwenye kiti, akaketi sakafuni, akavua kofia taratibu, akajifunika nayo uso. Alijua mtani anamalizia hivyo, alikuwa ameitazama kazi ile mpaka mwisho. Kwanza ilikuwa sauti ya kuigiza, niliisikia. Halafu ikakwama. Halafu vile vijiko vikaanza kutikisika, na kilichotoka chini ya ile kofia hakikuwa cha kuigiza tena. Alisema kitu kimoja tu kinachosikika, kwamba walikuwa wadogo.

Kisha akashusha kofia, masharubu yamemtiririka mpaka shingoni, akatutazama. Alikuwa anangoja. Msibani kwetu, hapo ndipo watu wanamkimbilia mtani, wanamkumbatia, wanampa chai ya kwanza. Akamtazama babu yake kwanza.

"Inatosha," mzee akasema. Hakupandisha hata sauti. Akanyoosha kidole kwenye korido. "Huyu akae kule mpaka amalize."

Watu kumi wazima, na mchungaji wao, wakaanza kupanga uma na visu. Nilisimama. Waswidi humwita baba mkwe kwa jina lake la kwanza. Mimi nililelewa vingine, ilinishinda, kwa hiyo miaka yote ile nilikuwa simwiti chochote. Siku ile nilimwita jina lake.

"Huyo Jenerali wako alizika watoto watatu," nikamwambia, "na mpaka leo hakuna mtu aliyewalilia. Huyu ndiye wa kwanza. Angalau mpe maji anywe."

Akatazama sahani yake. "Viazi vinapoa," akasema.

Ebo! Hapo ndipo nilipomwona mzima mzima. Nilikuwa nimemwogopa mtu ambaye mbele ya mtoto anayelia alikuwa na viazi tu. Kichwani mtupu, kifuani mtupu, na amekitundika hicho kitupu ukutani akakitia fremu. Nikambeba mwanangu, ijapokuwa ni mzito, na vijiko vyake vyote. Mume wangu akaja nyuma na makoti.

Kwenye treni ya kuelekea mjini alikuwa bado analia, uso kwenye kifua changu, anapandisha na kushusha pumzi. Sikumbembeleza. Nilikuwa nikimsikiliza, nikimshukuru Mungu kwa kila kwikwi. Watu waligeukia madirisha. Mume wangu, mtu mwema, aliketi mbele yetu na masikio yamemwiva. Akavumilia kidogo. Kisha akainama, akamwekea mtoto mkono kichwani, kwa upendo kabisa, naapa, akamwambia kwa upole:

"Haya, haya. Inatosha sasa."

Kilio kikakatika. Palepale, katikati ya pumzi. Mwanangu akakaa wima, akafuta uso kwa kiganja, akameza, na nilikiona kikishuka kooni vilevile kama siku ile ya baiskeli. Nikamtazama mume wangu, na alikuwa na jicho moja kali na jingine limechoka.

Treni ilikuwa inaingia Rotebro.

"Shuka," nikamwambia.

Kiswahili chake ni cha jikoni, lakini hilo alilielewa. Alinitazama kuona kama natania. Halafu akainuka, akavaa koti, akafunga vifungo vyote, akashuka. Alitii amri, jamani! Milango ikafunga, nikamwona kwenye jukwaa amesimama mikono ubavuni, midomo imebana, na kidevu kinamcheza. Treni ikaondoka kabla sijajua kidevu kile kingeishia wapi.

Mwanangu alikuwa akinitazama.

"Hayupo," nikamwambia. "Wala farfar hayupo. Tuko wawili tu. Mlilie bibi yako."

Alichelewa. Nikadhani tumekosa, kimekwenda chini kabisa. Ndipo akafungua mdomo na kuita kwa Kiswahili, kwa sauti ya kujaza behewa, "Mke mwenzangu!" Akaita tena. Mwanamume mmoja akakunja gazeti lake akahamia behewa jingine. Mimi nikavuta pumzi, nikamwitikia mwanangu kwa kilio cha kwetu, kile cha kumtaja marehemu, tukalia wote wawili njia nzima mpaka mjini.